Arubuni si Faida

Siku niliyogundua kwamba fundi wangu wa rangi ananizidi kipato, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo tupu huko Najjera, pembezoni mwa Kampala, Uganda, daftari la shule mapajani na kalamu mkononi. Ilikuwa mwaka 2018. Kazi yangu ni kupanga na kupamba nyumba za watu kwa ndani, na sebule tuliyoimaliza ilikuwa imependeza hasa: dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, pazia za tabaka mbili, rafu ya televisheni ya mvule, zulia la rangi ya mchanga. Mwenye nyumba alikuwa ameshatuma picha kwa ndugu zake wote na simu yangu haikunyamaza tangu asubuhi. Nikasema ngoja nipige hesabu, nijue nimevuna nini.

Mteja alilipa shilingi milioni 14. Vifaa vilikula milioni 8 na laki 6. Mafundi wote, kuanzia seremala hadi wa umeme, milioni 2 na laki 9. Kubeba mizigo, laki 6. Zikabaki milioni 1 na laki 9, nikatabasamu. Kisha nikakumbuka zile pazia nilizokosea vipimo, zikashonwa upya kwa laki 4 na nusu za mfukoni mwangu. Nikakumbuka bodaboda za kwenda na kurudi, vocha za simu, chai na chapati za mafundi: 380,000. Ikabaki 1,070,000. Nikahesabu siku nilizoitumikia sebule ile, tangu nilipoingia na futi kupima mpaka siku ya kupiga picha. Siku 31. Gawanya mwenyewe: shilingi 34,500 na ushei kwa siku. Fundi wa rangi, ambaye wakati huo alikuwa nyuma yangu ananawa mikono kwa mafuta ya taa, nilikuwa namlipa 40,000.

Na yeye hakukosa usingizi hata usiku mmoja kwa ajili ya rangi ya zulia.

"Mama, mbona unacheka peke yako?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekumbuka jambo la nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, wa Majengo. Baba alikuwa seremala, mama akishona. Kampala niliingia 2011 nikimfuata mume wangu, ambaye kazi yake ilikuwa malori ya mizigo yanayotoka bandarini kuja huku kupitia Malaba. Nilianza na cherehani moja kwenye chumba cha nyuma huko Kisaasi, nikishona pazia za majirani. Jirani mmoja akataka nimchagulie na makochi. Mwingine akataka nimwambie aweke rangi gani ukutani. Sikusomea kazi hii darasani. Nilijikuta ndani yake kama mtu anayeingia harusini kwa kumsindikiza rafiki, mara anapewa sinia agawe pilau.

Kiswahili changu mwanzoni kilikuwa mzigo. Huku lugha yetu ina jina baya la zamani; wengi waliisikia kwanza midomoni mwa askari, na majambazi nao wakaazima. Katiba iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha ifundishwe kwa lazima shuleni, lakini muuza mbao wa Ndeeba hafanyi biashara kwa kusoma maamuzi ya baraza. Nikimsalimu kwa Kiswahili cha pwani ananitazama mara mbili, kisha anapandisha bei, kwani Mkenya ana pesa. Nikajifunza Luganda cha sokoni: namba, rangi, aina za mbao, na namna ya kusema "unaniua" kwa adabu.

Mji wenyewe ndio uliokuwa chuo changu. Mbao ni Ndeeba. Vyuma, miguu ya meza, mageti na fremu ni Katwe. Makochi na vitanda ni Nsambya, pale mafundi wanapoanika kazi zao kando ya barabara. Vitambaa ni Kiyembe, katikati ya mji, ambako mtu anaweza kuingia saa tatu asubuhi akatoka saa kumi hajui ameingilia mlango upi. Na vifaa vya ujenzi, bawaba, vitasa na mabomba, viko karibu na soko la Nakasero, mahali wenyewe wanapaita Shauri Yako. Msomaji wa pwani utacheka, lakini mimi nimenunua huko vitasa 12 bila kuvijaribu, 5 vikawa vibovu, na niliporudi kulalamika nikainua macho nikakumbuka niko wapi.

Nirudi kwenye hesabu.

Ile siku ya ndoo ilinionyesha kwamba silipwi. Haikunionyesha kilicho kibaya zaidi, kwa sababu pesa zilikuwa zikiingia. Hapo ndipo penye mtego wa kazi hii, na nimewaona wengi wenye vipaji kunishinda wakinasa humo. Anayeuza duka anaona bidhaa zikipungua rafuni pesa zikiingia. Akili yake inajua kuna kilichotoka. Sisi tunapokea pesa kabla ya kutoa chochote. Mteja anakupa arubuni ya asilimia 60, na kwa siku hiyo wewe ni tajiri. Simu yako ya pesa inalia, unaona milioni 12, wala huoni kwamba zile milioni 12 ni mbao, vitambaa, jasho la watu na siku 40 ambazo bado hazijatokea.

Mambo yalikwenda hivi. Nilichukua nyumba ya Bukoto kwa bei ya chini, kwa sababu niliogopa kumkosa mteja. Katikati ya kazi pesa zikaisha. Badala ya kumwambia, nikangoja. Haikupita wiki, mteja wa Kyanja akaleta arubuni yake. Nikachukua milioni 3 humo nikamaliza Bukoto, nikapiga picha, nikasifiwa. Sasa Kyanja imepungukiwa milioni 3 kabla hata msumari mmoja haujapigwa. Akaja mteja wa Naalya. Wake wakaingia Kyanja. Nyumba zote zikaisha, wateja wote wakafurahi, na kila niliyemmalizia aliniachia shimo kubwa kuliko la aliyemtangulia. Nilikuwa kama mtu anayeziba tundu la paa kwa kigae alichokichomoa upande wa pili wa paa hilo hilo. Mvua isiponyesha, utamsifu kwa bidii.

Mvua ilinyesha mwisho wa Machi 2020. Usafiri wa umma ulisimamishwa, magari binafsi yakafuata, kafyu ikawekwa saa moja jioni, na hakuna aliyekuwa na haja ya pazia. Nilikuwa na nyumba tatu zilizo nusu. Hakuna arubuni mpya. Usiku wa tatu wa kufungiwa ndani nikaandika kwenye daftari lile lile la shule: wateja watatu, pesa walizolipa, kazi niliyofanya, tofauti yake. Milioni 11 na laki 4. Hizo nilikuwa nimekula. Sikununua gari wala kiwanja. Ziliishia kwenye wali na maharage, karo ya watoto, na nyumba za watu wengine zilizokuwa zinang'aa kwenye ukurasa wangu wa Instagram.

Nikampigia mama Mombasa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Walipokupa, walikupa ukiwa umeshafanya au hujafanya?"

"Sijafanya, mama."

"Basi hiyo si pesa yako. Hiyo ni amana. Baba yako alikuwa akiiweka kwenye bati la biskuti, na sisi tukila muhogo."

Nililikumbuka lile bati. Tulipokuwa watoto tulidhani baba ni bahili.

Niliwapigia wateja wote watatu na kuwaambia ukweli. Wawili walinyamaza, halafu wakakubali ningoje mambo yafunguke nimalize kwa gharama zangu. Wa tatu alimtuma kaka yake, ambaye alikuja na mtu wa sare, na sitalieleza sana hilo kwa kuwa aibu yake bado inanichoma. Niliuza cherehani mbili kati ya tatu na jenereta. Nilimaliza kulipa baada ya miezi 14. Jina langu lilichubuka lakini halikufa, na nadhani lilipona kwa sababu niliwatangulia mimi kusema kabla hawajagundua wenyewe.

Tangu hapo nina laini za simu kadhaa, na watu wananicheka kwamba nina wapenzi wengi. Kila kazi kubwa ina laini yake ya pesa. Arubuni ya mtu inaingia kwenye laini yake na haitoki ila kwa jambo la nyumba yake. Changu mimi kinahamia kwenye laini yangu pale tu hatua iliyoandikwa kwenye mkataba inapokamilika: michoro imekubaliwa, dari imepanda, makabati yamefungwa, mwisho funguo. Benki ingefanya kazi hiyo hiyo, na kwa kazi za mamilioni mengi naitumia, maana makato ya kutoa pesa kwa simu nayo yanauma. Lakini bati la biskuti ni bati la biskuti, liwe la plastiki au la namba.

Kutenganisha pesa kulinifundisha jambo lingine papo hapo: bila arubuni ya mtu mwingine, bei zangu zilikuwa haziwezi kusimama kwa miguu yake. Ilinibidi niamue ninauza nini hasa.

Nilikuwa nauza makochi na pazia, na kichwa changu nakitoa bure. Mteja anapiga simu, naenda Namugongo, nakaa saa tatu, nampangia nyumba nzima mdomoni, namchorea kwenye karatasi, nachagua rangi. Yeye anapiga picha ile karatasi, anampelekea shemeji yake mwenye fundi wa bei nafuu. Miezi miwili baadaye naona sebule yangu mtandaoni, imekosewa kidogo tu. Siwalaumu. Mtu anaelewa kulipia mbao, maana anaiona na kuigusa. Kulipia fikra hakukuwa na jina baina yetu, na aliyeshindwa kuipa fikra hiyo jina nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza nilipotaja ada ya mchoro, ulimi ulikuwa mkavu. Alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Kikuubo, Hajati mwenye maneno yake.

"Milioni moja na nusu? Ya karatasi?"

"Hajati, ukinunua mzigo wa nje, wakala wa forodha unamlipa kwa nini? Hakubebei mzigo mgongoni."

"Ananiepusha na hasara."

"Na mimi ni hivyo hivyo."

Akakaa kimya, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi, akasema atalipa milioni moja na laki mbili. Tukakubaliana. Mchoro ule ulikuwa na vipimo vya kila kitu, orodha ya vifaa, idadi ya mita za kitambaa, na mahali pa kila soketi. Nilimwambia ni mali yake, aende nao kwa fundi yeyote. Alirudi baada ya wiki mbili akitaka niisimamie kazi mwenyewe. Wengine hawarudi, na hilo silichukii tena, kwa kuwa wameshalipa. Wengine wanakata simu nikitaja ada tu. Hao zamani ndio walionilia petroli.

Kisha lipo suala la kamisheni, ambalo watu wa kazi yetu hawapendi kulizungumza mbele ya wageni. Ukimpeleka mteja kwenye duka la vigae au la taa, muuzaji anakuwekea kitu chako pembeni. Nimekula kamisheni miaka mingi na sitajifanya sheikh. Nilisema ni haki yangu, maana mteja hanilipi ada. Lakini kamisheni inakupindua jicho. Unajikuta unasifu taa za duka linalokupa zaidi, na unaacha vigae vizuri vya hapa hapa Uganda, vya Kapeeka, kwa sababu vya nje vina bei kubwa na fungu lako linanona. Siku moja mteja akaenda duka lile lile peke yake, akapewa bei ya chini kuliko niliyompa. Hakunigombeza. Alinitumia tu picha ya risiti bila neno lolote. Nilitamani angetukana.

Sasa bei ya dukani ni bei ya dukani. Punguzo lolote ninalopata ni la mteja, na risiti inakuja kwa jina lake. Juu ya gharama yote ya vifaa na mafundi naweka asilimia 20 ya usimamizi, imeandikwa wazi kwenye makadirio. Nilidhani watu watakimbia wakiiona. Kumbe wanaogopa kilichofichwa kuliko kilichoandikwa. Ugomvi wa "kwa nini kochi ni milioni 3 na Nsambya ni milioni 2" ulikufa siku hiyo, maana sasa kochi ni milioni 2 kama la Nsambya, na mimi ni laki 4, jina langu likiwa pembeni.

Waliolielewa hili upesi kuliko wote ni watu wa kyeyo. Kwa asiyejua, kyeyo ni ufagio, na ndilo neno la Waganda kwa kazi za ughaibuni. Aliyeko nje, hata akiwa daktari, anaitwa wa kyeyo. Wamejenga nyumba nyingi tu huku Kira na Namugongo, na karibu kila mmoja ana kisa cha ndugu. Wa kwanza kwangu alikuwa bwana anayefanya kazi za usiku Uingereza. Alikuwa ametuma pesa za jiko mara mbili, na jiko halikuwepo. Tulipozungumza kwa simu sikumwonyesha picha hata moja ya kazi zangu. Nilimwonyesha jedwali: tarehe, kitu, bei, picha ya risiti. Kila Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nikisimama ndani ya nyumba yake na simu, nazunguka chumba hadi chumba, nafungua kila droo. Kuna Jumamosi nilimwonyesha kosa: kigae kimoja cha bafuni kimekaa vibaya, tutakitoa Jumatatu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, hii ni mara ya kwanza mtu kuniambia jambo baya bila kuniomba pesa."

Bwana huyo ameniletea wateja watano. Sijui kama anaikumbuka rangi ya jiko lake.

Kodi nitaipitia haraka, ila ukiipuuza inakula kote. Nilisajili jina la biashara, nikachukua namba ya mlipakodi, nikaanza kutaka ankara za kielektroniki za EFRIS, mfumo wa mamlaka ya kodi, kwa kila ninachoweza. Muuzaji atakuuliza, "Na risiti au bila risiti?" kwa sauti ya kukuonea huruma, kwa sababu VAT ni asilimia 18. Ukikubali bila, utafurahi siku moja. Pili, ukifanya kazi ya ofisi kubwa au hoteli, mara nyingi mlipaji ni wakala wa kodi ya zuio, na anakata asilimia 6 ya malipo yanayozidi milioni moja kabla hujayaona. Kwenye kazi ya milioni 40 hizo ni milioni 2 na laki 4. Unaandikiwa hati na zinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka, sawa, lakini seremala hapokei hati. Mara ya kwanza nilikatwa bila kujua, na mishahara ya wiki ile nilikopa kwa dada yangu.

Kinachobaki kwenye faida hutoka tena kupitia kurudi. Nasema kurudi kwenye nyumba uliyoimaliza, mteja amepiga simu, mlango wa kabati haufungi. Chanzo kikubwa ni mbao mbichi. Mbao za Ndeeba nyingi zinauzwa zikiwa na maji, hasa msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Ukiutengeneza mlango mwezi Aprili ukaufunga, ukija Julai umepinda kama upinde. Kuna mzee mmoja pale ninayemheshimu, ananunua mvule na mahogani anazipanga kwa vijiti katikati ili hewa ipite, anazingoja miezi. Bei yake iko juu na hashushi. Zamani nilimpita nikaenda kwa jirani yake. Makabati sita ya Muyenga yalinirudisha kwake. Sasa nina kipima unyevu kidogo cha kuchoma kwenye ubao. Ikizidi asilimia 15 siuchukui, na wauzaji wanakichukia kidude kile kuliko askari wa jiji. Kwa ndani ya makochi, pasipoonekana, tunatumia msizi, mbao nyepesi ya bei ya chini, lakini ikiwa kavu na imetiwa dawa ya wadudu.

Hata hivyo kurudi hakuishi. Kwa hiyo katika kila kazi natenga kiasi, laki 5 kwa nyumba ya kawaida, na siigusi kwa miezi 6. Mteja akipiga simu, fundi anakwenda siku ya pili na nauli ipo. Miezi ikipita salama, ndipo ile pesa inakuwa yangu, na naipokea kama zawadi ya Idi.

Kosa lililonigharimu zaidi ya mbao zote halikuwa la hesabu. Nililipenda lubugo. Ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba: gome linabanduliwa, shina linafunikwa kwa majani ya mgomba lipone liote gome jingine, na lile lililotoka linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka na kulainika, kisha jua linalipa rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingia kwenye orodha. Mimi mgeni niliona tu rangi na mikunjo yake. Nikachukua lubugo zuri kutoka upande wa Masaka, nikalivisha ubao wa kichwani wa kitanda cha mteja wangu wa Kyanja, Muganda msomi wa kizazi cha sasa. Alilipenda. Nikalipiga picha kwa mwanga wa asubuhi.

Mwezi mmoja baadaye bibi yake akaja kutoka kijijini. Akaingia chumbani kuona kitanda cha mjukuu, akasimama mlangoni, hakuvuka.

"Nani amefariki humu?"

Maana Waganda huwazika watu wao kwa lubugo, na makaburi ya wafalme wao kule Kasubi yamejaa lubugo. Jjajja yule hakulala nyumba ile. Mteja alinipigia akilia nusu na kucheka nusu. Nilitoa ubao wote, nikatengeneza mwingine wa kitani, 1,200,000 za kwangu. Nilipomweleza fundi wangu wa makochi, ambaye ndiye aliyelipigilia lubugo lile kwa mikono yake, akasema alijua tangu mwanzo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nnyabo, wewe ndiye mwenye mchoro."

Neno hilo lilibadilisha namna ninavyoanza kazi. Siku hizi mchoro ukikamilika, kabla haujafika kwa mteja, naukalisha kati ya mafundi wangu, nanunua rolex za kutosha, chapati zetu za mayai, na nauliza: nini hapa kitamchukiza mama yako? Wananiambia mengi. Kochi jeupe kwenye barabara ya vumbi jekundu. Meza ya kioo kwenye nyumba ya watoto wanne. Jiko la wazi kwa mtu anayepika samaki wa moshi. Saa moja ya mazungumzo na elfu 30 za chapati. Na lubugo sijaliacha. Nimelipeleka kwenye mapokezi ya hoteli na vivuli vya taa, ambako wageni wanaligusa kwa vidole na kuuliza, na kila ninapomuuzia Muganda nauliza kwanza litakaa chumba gani.

Mwaka 2023 nilifanya nyumba huko Muyenga, ukubwa wake si mbali na zile za zamani. Ada ya mchoro milioni 2. Vifaa na mafundi milioni 38, usimamizi wangu milioni 7 na laki 6. Nikatoa gharama zangu, milioni 1 na laki 7, nikatenga laki 5 za kurudi. Siku 46. Nilikaa kwenye ndoo kwa makusudi, nikafungua daftari: 160,000 na ushei kwa siku. Fundi wa rangi ni yule yule. Sasa namlipa 50,000, na alinitazama nikiandika.

"Mama, leo hucheki?"

Nikamwambia leo nahesabu.

Wiki ijayo tunaanza Entebbe, nyumba inayotazama ziwa. Mwenye nyumba anataka kuta nyeupe tupu, dari nyeupe, na mstari wa taa kali barazani usiku kucha. Nimemweleza habari za sami, vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi na kutua penye mwanga na weupe. Nimempendekezea rangi ya majivu na taa za manjano zinazotazama chini. Amekataa, anataka kama alivyoona Dubai. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa mkataba, ametia sahihi, na laki 5 za kurudi nimezifanya laki 8. Rangi nyeupe imeshanunuliwa, ndoo 14, risiti kwa jina lake.